Goti la Kushoto

Kwa Mama Athumani, mke wangu, aliyeko Kilwa. Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mama yangu na nyumba nzima. Ama baadu, desturi yataka niseme hali yangu ni njema, nami nasema alhamdulillahi, ingawa mgongo wangu haukubali. Ndugu yako atakayekusomea waraka huu mkalishe vizuri, asome polepole, wala asiruke neno kwa kukuonea huruma. Yote nataka uyasikie.

Kanzu uliyomshonea Athumani ilifika kabla ya Ramadhani iliyopita. Lile pindo pana uliloliacha chini tumelifumua, kisha tumelifumua tena, na sasa halina la kufumua. Kila waraka waniuliza kama amenipita kimo. Amenipita, tena zamani, na uzito pia amenipita. Hapa Bagamoyo vijana wenziwe humwita Tembo, naye hucheka. Kazi yangu ni ile ile, ghalani kwa Banyani, nakwangua udongo kwenye sandarusi, gundi hii ichimbwayo ardhini, na kuichambua, nyeupe huku, nyekundu kule. Vumbi lake nalila na wali.

Habari za mguu wake wa kulia ulizipata nusunusu kwa wasafiri, basi nakupa zote. Alianza kulalamika goti. Tukalipaka mafuta ya nyonyo, tukalipiga chuku kwa pembe, tukalifunga majani. Siku zile msikitini mzee aliyekaa kuliani kwake alikuwa akininung'unikia: "Mwanao hana adabu ya kukaa, ananisukuma kwa goti!" Nami namwambia kijana kaa vizuri, kusanya magoti. Anajaribu, la kulia halikusanyiki. Siku moja akateleza penye birika la udhu, mtelezo mdogo wa kuchekesha watu, na watu wakacheka kweli, lakini yeye hakunyanyuka. Mguu ulikuwa umegeuka, wayo watazama nje.

Ndipo tukamleta Bi Mize, mama wa Mlingotini anayeunga mifupa. Mkali yule, hasalimii mara mbili. Akalishika goti, akaliachia, akapanda mpaka nyongani. Akasema, "Goti linalia tu, mwenye msiba ni nyonga. Mfupa wa kijana mbichi, kichwa chake hakijashika vizuri. Kimeteleza, na pale kilipoteleza ndipo kitakaposhikana. Sikirudishi, nikikilazimisha nitakiua." Alipokuwa akitoka mlangoni akageuka: "Uangalie na mguu wa pili. Kijana anayerefuka hivi, na mzito hivi, mmoja ukiteleza wa pili hupenda kuufuata. Akishaota ndevu mifupa ikakomaa, hapo ulale usingizi."

Toka siku ile, mke wangu, kila asubuhi namtazama kidevu kama mkulima anavyotazama mbingu. Kidevu kitupu.

Akapata nafuu, akatembea kwa fimbo, akichechemea. Na kwa ule mwandiko wake mzuri, tajiri mmoja wa msafara wa kwenda Unyanyembe akampenda. Akaniambia, "Nipe mwanao aniandikie shanga na nguo zangu. Sitaki miguu yake, nataka mkono wake. Nitampandisha punda." Lo, ungemwona mwanao siku ile! Chakula hakikupita. Akawa akishinda na wapagazi wa Kinyamwezi kuwauliza maneno ya kwao, akirudi ananiamkia kwa Kinyamwezi, nami namwitikia marahaba, potelea mbali.

Sasa sikiliza. Msikitini siku zile alikuwa akikaa mwisho wa safu, mguu mbovu kaunyosha upande wa ukuta, mimi nipo kushotoni kwake. Ijumaa moja, tumekaa tahiyatu, nikahisi goti lake la kushoto limekuja kugusa langu. Nikasema moyoni, amechoka. Ijumaa ya pili likaja tena, likanisukuma. Mungu anisamehe, sijui siku ile nilitoa salamu upande upi. Nilimkumbuka yule mzee na manung'uniko yake juu ya goti la kulia.

Nyumbani nikamuuliza, "Athumani, goti la kushoto linakuuma?"

"Haliniumi, baba."

"Nitazame."

"Linachoka tu. Si linabeba na kazi ya mwenziwe?"

Nikamlaza, nikaliinua paja lake kuelekea tumboni. Liliinuka, lakini goti halikuja kifuani, likaenda zake nje, na yeye akauma midomo. Hapo akalia, mwanamume mzima yule. "Baba, niache niende. Nikirudi nitalala mwaka mzima ukitaka."

"Utarudi na nini? Na miguu ya nani?"

Bi Mize akaja, akamshika nyonga. "Huu haujaanguka," akasema, "unalegea. Mshukuru Mungu umeuona. Asiukanyage kabisa, si msikitini, si uani. Mtu asimkande. Na punda amsahau, kumtanua mapaja siku kutwa juu ya mgongo wa punda ni kuumaliza kwa mikono yenu." Basi shangazi yako mwambie ahsante, mafuta yake ya kukandia ayaweke kabatini. Najua amekwisha kuyachemsha.

Msafara uliondoka bila yeye. Walipita mlango huu huu, na ngoma, na baragumu, na bunduki zikilia, na tajiri akasimama kubisha hodi, akafikiri nimebadili nia. Nikamwambia nenda salama. Niliporudi ndani Athumani kageukia ukuta. Akanena, "Umenifunga kama mbuzi, baba." Kisha hakunena tena na mimi, siku baada ya siku. Chakula anapokea, shikamoo hatoi. Mwenyewe uchungu wanijaa, lakini nikimkasirikia nani atambeba? Maana ni mimi ninayembeba. Asubuhi kabla ya kwenda ghalani nampeleka chooni mgongoni, jioni vilevile, na miguu yake mirefu karibu ifagie sakafu. Natembea kwa visigino nisijikwae, kwa kuwa nikijikwaa mimi, anayevunjika ni yeye.

Najua utasema nimlete Kilwa umuuguze mwenyewe. Mke wangu, chomboni hupandwa kwa kubebwa majini, na mawimbi hayamjui mgonjwa. Siwezi. Mguu mmoja amekwisha upoteza, na kwa mguu mmoja mtu huoa, huandika, huenda hija. Huu ukifuata atakaa chini maisha yake, akingoja mtu wa kumwinua, na mimi na wewe hatutakuwapo milele. Nimechoka, sikufichi. Ghalani nasinzia juu ya sandarusi, Banyani ananigonga bega.

Juzi nilipokuwa nimembeba akasema sikioni mwangu, "Baba, unanuka sandarusi." Nikamwambia, "Na wewe unanuka uvivu." Akacheka kidogo. Ni hayo tu tuliyosema, lakini nilifika ghalani mgongo hauniumi.

Unakumbuka alipokuwa mchanga, mdogo kuliko wenziwe, ulivyokuwa ukimpima mlangoni na kuomba akue, akue. Mungu alikusikia mno. Sasa mimi naswali na kuliani kwangu pamekaa mtu mwingine, naomba asimame hapo hapo alipofika, asiongezeke hata ukucha. Ni dua ngumu kwa mzazi, na sijui kama wengine wanaiomba. Nisaidie kuiomba.

Nisalimie mama yangu, umbusu mkono, umwambie mjukuu wake anaendelea na kusoma. Mengine mpe kidogokidogo. Msalimu ndugu yako anayesoma haya, na shangazi yako wa mafuta, na binti yetu, na jirani yetu msuka mikeka. Athumani anasema shikamoo mama. Alisema mwenyewe, sikumlazimisha.

Na kanzu ya Idd ya Kuchinja, najua umeshaikata. Mshonee, mke wangu, mshonee nzuri. Ila chini usimwachie pindo.

Mumeo, Baba Athumani, niliyeko Bagamoyo.