Mjomba Alisoma Karatasi, Mimi Nilisoma Dumu

Ghorofa ya pili, mlango wa nne,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo? Mumeo hajambo? Na yule mtoto wenu, meno yameshachomoza? Sisi huku tu wazima. Goti linanilalamikia nikipanda ngazi, nami nalilalamikia, basi tunaendelea hivyo.

Anwani yako nimepewa na mjomba wako. Hata hiyo nayo imepitia kwake.

Mwanangu, mimi shangazi yako nina wivu, na sioni sababu ya kuufunika kawa. Nimefundisha kemia miaka thelathini na moja. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinioshea chupa za maabara ukiwa hujafika urefu wa meza. Leo umeanza kupausha visanduku vyako vya mbao kwa dawa, karatasi yake ya usalama, ile inayoeleza hatari zake, imekushinda kuielewa, na unamtumia nani? Mjomba! Eti kwa kuwa anauza dawa za kikohozi na kuvaa koti jeupe.

Alikuja Jumamosi ya wiki iliyopita, simu mkononi, mabega juu. "Shemeji, binti yetu kaniuliza mimi." Akanionyesha karatasi, na picha ya meza yako ya kazi. Alikuwa ameshakujibu: dawa ni hafifu, fungua dirisha, mikono mitupu haina neno.

Sitakuficha. Nilimwomba anitumie vyote viwili ili nitafute kosa lake. Alipoondoka nilisoma sehemu zote kumi na sita, mara mbili, na kila alichokuambia kilikuwa sahihi. Iliniuma! Nikahamia kwenye picha, nikaikuza mpaka maandishi ya dumu la dawa lililo mezani yakasomeka. Karatasi ilisema asilimia tatu. Dumu lilisema asilimia thelathini na tano.

Sasa nivumilie, maana kueleza ndio ugonjwa wangu. Karatasi ya usalama haisomwi peke yake. Ilaze kando ya chombo, uhakikishe jina, mtengenezaji na nguvu ya dawa vinalingana. Utavikuta sehemu ya kwanza na ya tatu. Visipolingana, hiyo ni karatasi ya dawa nyingine, hata kama jina ni lile lile. Hiyo yako hubabua ngozi na inaweza kupofusha jicho. Kitambaa kilicholowa nayo, ukikitupa kwenye ndoo yenye vumbi la mbao, kinaweza kushika moto chenyewe. Kwa hiyo glavu, miwani inayoziba pande zote, na kitambaa ukisuuze kwa maji mengi. Wala usiihamishie kwenye chupa ya soda. Kifuniko cha dumu lile kina tundu la kupumulia. Dawa hiyo ikifungiwa kabisa hupasua chombo.

Nilitaka kukupigia, namba yako mpya sina. Ikabidi nimpigie yeye. "Shemeji, mwambie asiguse kitu, sasa hivi!" Simsingizii, alikupigia papo hapo, akakukuta umeshakunja mikono ya blauzi. Kisha akanirudia anacheka.

"Kanishukuru, shemeji, karibu alie."

"Ulimwambia nani aliyeliona dumu?"

"Lo! Katika ile haraka, limenipita."

Limempita! Mimi nipike, yeye apakue.

Nimekaa na jambo hili juma zima. Vidole vyako vizima, nashukuru, na wivu bado ninao. Hata haya sioni. Bila wivu ningemwamini mjomba wako, kwani ni mtu wa kuaminika, na dumu lile nisingelitazama kabisa.

Baba yako na mama yako wanakusalimu. Mjomba naye anakusalimu. Hilo nimeliandika kwa kuwa aliniomba. Mpe mumeo salamu, umbusu mtoto. Mungu akulindie macho na mikono, na visanduku vyako vipate wa kuvipenda.

Mwombe aliyekuuzia dawa karatasi sahihi; ikifika, nitumie mimi kwanza, pamoja na picha ya dumu, pande zote. Mjomba mpelekee salamu.

Ni mimi nikupendaye, hata usiponiuliza kitu,
Shangazi yako