Komeo la Ubavu wa Kulia

Fundi Hatibu,

Shikamoo. Sijui kama salamu hupenya udongo, lakini tangu siku niliyoingia karakana yako sijawahi kukuambia neno lolote kabla ya hilo, na sitaanza leo kwa sababu umekufa.

Nakuandikia mchana, mlango uko wazi, jua liko utosini. Nimejifunza kuogopa mchana. Usiku nalala vizuri tu. Ni saa sita, vibarua wa reli wanapojilaza vivulini na nyundo zote zikanyamaza, ndipo nywele hunisimama.

Arobaini yako imepita. Ndugu zako walishuka kutoka Kondoa, wakasoma, wakala wali wa mkeo Mama Zena, wakaondoka. Mimi nilikaa nje ya ua. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenikaribisha. Labda hujui kwa nini. Wewe uliondoka ukiamini bunduki imelala.

Ngoja nikupe habari zote kwa mpangilio, kama ulivyokuwa ukinitaka nieleze kila bunduki inayoingia: imetoka kwa nani, inaumwa nini.

Unamkumbuka Bwana Mpima, yule Mdachi wa kupima njia ya reli. Alikuja na bunduki yake ya marisau, ya mitutu miwili, na kitambaa cheusi juu ya jicho la kulia. Kipande cha jiwe kilikuwa kimemtoboa walipokuwa wakipasua mwamba. Hakuweza tena kulenga kwa bega la kulia, akawa anajifunza upya kwa kushoto. Lakini komeo la bunduki, kile kijichuma kinachoizuia isilie, lilikuwa ubavu wa kushoto wa shingo ya kitako, mahali linapofika dole gumba la mkono wa kulia. Yeye sasa dole gumba lake liliangukia ubavu wa pili, penye mti mtupu.

"Lihamishe," alisema.

Ulicheka kile kicheko chako cha puani. "Mimi ni wa kulia, Bwana. Lakini mtu ninaye." Ukanigeukia. "Shoto, lete mkono."

Mama yangu kule Mvumi aliufunga mkono huo kwa kamba ya ngozi ili niache kuutumia. Mwalimu wa misheni aliuchapa. Wewe uliuweka juu ya bunduki, ukachora kwa mkaa pale ncha ya dole gumba ilipotua, ukasema, "Hapa. Mungu alishapima, sisi tunatoboa tu." Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, Fundi, na nilijifanya natafuta tupa ili usinione uso.

Ukatoboa ubavu wa kulia, ukafua komeo jipya. Tundu la zamani la kushoto ukaliziba kwa kipande cha pembe ya ng'ombe, ukakisugua mpaka kikawa laini kama ukucha. Lile pengo la ndani, pale jino la komeo linapong'ata, uliniachia mimi. Nililikata kwa siku mbili. Ukasukuma komeo mbele: "Iko macho." Ukalivuta nyuma: "Imelala." Ukagonga kitako sakafuni mara tatu, halikuachia.

Bwana Mpima hakuridhika na sakafu. Alitaka porini, Nzuguni, kwenye kanga. Na alitaka wewe uipige kwanza, ili kama ina ubaya ubaya ukupate wewe. Tulitoka watatu asubuhi. Uliweka risasi mbili, ukaangalia komeo kwa macho, ukaiamsha. Kanga wakaruka mbali mno, ng'ambo ya korongo, na hukupiga. Ukashika njia ya kuteremka korongoni, macho yako kwa ndege, na bila kugeuka ukaniambia, "Imelala."

Hilo ndilo neno lako la mwisho. Jua lilikuwa utosini. Mguu uliteleza, kitako kikapiga jiwe, bunduki ikalia.

Sitasimulia nilivyokubeba.

Bwana Mpima alisema pengo limeachia. Alisema mbele ya watu wote kwamba kazi imeharibiwa na mkono wa kushoto. Nikapigwa viboko hamsa ishirini, ishirini na vitano, kambini kwake, na sikulia, kwa sababu niliona ni haki yangu. Bunduki aliitupa mlangoni pa karakana, akasema hataki kuiona tena. Watu wakaacha kuniletea kazi. Mama Zena alikuwa akiniachia chakula juu ya kinu, akiondoka kabla sijafika. Mke wangu mwenyewe alianza kunitengea maji upande wa mkono wa kulia, akinitazama kama nimeugua. Nami nilifanya kitu ambacho hungekipenda. Nikaufunga mkono. Kwa kamba ya ngozi, kama mama.

Nikaitoa risasi iliyobaki, nikaisafisha bunduki, nikavuta komeo ikalala, nikaiegemeza ukutani.

Siku ya kwanza, adhuhuri, nilisikia *tik*. Ndogo. Unaijua sauti hiyo kuliko mtu yeyote. Nikageuka. Karakana tupu, mivukuto imelala chini, vumbi linaelea kwenye mwanga wa mlango. Nikaiendea bunduki. Ilikuwa macho.

Nikasema ni joto, chuma kimetanuka. Nikailaza. Kesho yake, saa ileile, *tik*. Iko macho. Siku ya tatu nililifunga komeo kwa uzi wa katani, mafundo mawili. Saa sita uzi ulikuwa umefunguliwa, haukukatwa, na umewekwa juu ya meza, umekunjwa vizuri kama unavyokunja wewe.

Fundi, niliogopa mpaka nikacheka.

Siku ya tano ndipo niliiona alama. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali, unaujua upepo wetu wa kiangazi, lakini juu ya kile kipande cha pembe, ubavu wa kushoto ambako hakuna kitu cha kusukuma, palikuwa na alama ya dole gumba. Mbichi, ya mafuta. Na katikati yake ulipita mstari mtupu, wa mshazari, kama kidole kimegawanywa. Nikaifuta. Kesho yake ilirudi. Nikaifuta tena, ikarudi tena, mahali palepale, ikivutwa kidogo nyuma. Kama mtu anayevuta komeo.

Nilikwenda kwa Mama Zena mkono ukiwa umefungwa hivyo hivyo, nikapiga magoti nje ya ua wake. Nilimwambia, "Mama, njoo uone kitu kimoja, halafu ukitaka nitahama Dodoma." Alikuja akijifunika uso. Alipoiona alama hakupiga kelele. Aliweka kidole chake juu ya ule mstari bila kuugusa, akasema polepole, "Tupa ilimkata dole gumba mwaka tuliooana. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

Tukakaa chini wote wawili, kwenye vyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikamweleza. Miaka yote uliyoshika bunduki, kidole chako kilijua njia ya kushoto. Kuiamsha uliiangalia, kwa hiyo hukukosea. Kuilaza hukuangalia, macho yalikuwa kwa kanga. Kidole kikaenda kilikozoea, kikavuta pembe laini, nawe ukasadiki. Pengo halikuachia. Bunduki haikulazwa kamwe. Na huko uliko unarudi kila adhuhuri kuimaliza kazi ile, na kila adhuhuri unaiamsha kama siku ile, kisha unavuta mahali pasipo na kitu.

Mama Zena ndiye aliyeifungua kamba mkononi mwangu. Alitumia meno, fundo lilikuwa limekauka. Kisha akasema, "Basi mwonyeshe. Ni wewe uliyempa kipimo."

Kesho yake nilikaa na bunduki mapajani, tupu, komeo limelazwa, mkono wa kushoto juu ya shingo yake. Mama Zena alisimama mlangoni. Nyundo za reli zikanyamaza. Nikaona komeo linakwenda mbele lenyewe, *tik*, chini ya macho yangu, na baridi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikahisi kitu kinatafuta kwenye pembe, kinavuta, kinavuta.

Nikasema kwa sauti, "Sio hapo, Fundi. Ulilihamisha. Njoo huku." Nikaweka dole gumba langu juu ya komeo, ubavu wa kulia, nikangoja.

Uzito ulikuja juu ya ukucha wangu. Mzito, wa mtu mzima, na mgumu penye kovu. Tukavuta pamoja.

Ikalala.

Siku kumi na moja zimepita, haijaamka tena. Mama Zena amewaambia majirani wote, na wewe unajua yeye akisema watu husikia. Jana mwindaji mmoja wa Kigogo aliniletea bunduki ya baba yake. Nilitaka kuikataa, nikaipokea. Bwana Mpima nilimpelekea habari kupitia mpishi wake. Hakujibu, na viboko havirudishwi.

Bunduki yake nimeivunja vipande. Mitutu nimeizika.

Nakuahidi mambo mawili. Mama Zena hatakosa kuni wala mtama maadamu nina mikono. Na kila bunduki nitakayoihamishia komeo, mwenyewe ataishika mbele yangu, tupu, ataiamsha na kuilaza huku amefumba macho, kutwa nzima ikibidi, mpaka kidole chake kiisahau njia ya zamani. Akikasirika akasirike.

Sasa nenda, Fundi wangu. Naogopa kukuambia hivi, maana karakana imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na kuna kazi nisizoziweza. Siku nitakayoshindwa nitakuita kwa jina. Najijua. Nitakuita adhuhuri, kwa sauti, nikiwa nimekata tamaa.

Nakusihi, usiitike.

Yona, shoto wako