Alama Nyekundu Ukutani

Mwanangu mpendwa,

Sisi wazima, ila goti la mama yako bado linamsumbua. Ule mlango wa jikoni uliokuwa ukilia nimeutia mafuta, umenyamaza. Kazi yangu ya kuandika mabango imekufa. Siku hizi wenye maduka wanachapisha kwa mashine. Usijali, nimepata kibarua cha rangi kwa watu wa barabara mpya.

Barabara yenyewe itapita mtaani kwetu. Nyumba za kuvunjwa zinachorwa X nyekundu, na yetu imo. Kila asubuhi mama yako anaisugua kwa brashi na sabuni. Anasema wenye tingatinga wasipoiona watapitiliza. Akirudi sokoni anaikuta imechorwa tena, anamlaani mchoraji na kizazi chake. Mimi kimya, maana kizazi chenyewe ni wewe.

Jana aliitazama sana. "Mtu huyu hana roho," akasema, "lakini mkono anao." Kisha akaniuliza, "Baba watoto, wewe ni fundi. Rangi hii inatolewa na nini?"

Nikamwambia mafuta ya taa. Leo imetoka yote, ukuta umetakata. Lakini msimamizi ameshanipa orodha ya nyumba za kurudia kesho, na yetu ndiyo ya kwanza.

Jioni hii nilijikaza nikamwambie. Nimemkuta uani, mafuta yaliyobaki kayamimina kwenye beseni, anafikicha madoa mekundu ya ovaroli yangu.

"Kesho uvae safi," amesema, bila kuinua kichwa.

Baba yako