Mshale Ulisema Themanini

Alhamisi. Ruiru imeamka na baridi ya Julai, ile ya kuingia mpaka kwenye soksi. Sina raha, na si baridi.

Niandike tu, labda nitapumua.

Miezi mitatu iliyopita nilibadilisha tairi za van yetu, ile ya viti vinane inayobeba waimbaji tukiwa na safari. Mimi ndiye mwenyekiti wa kwaya. Nilitaka gari lisimame juu kidogo, lionekane gari la mtu wa maana. Fundi wa hapa mtaani alifunga rimu pana na tairi kubwa, kisha akanionya: "Chairman, hiyo clock ya spidi sasa itakudanganya. Itasoma chini na wewe uko mbio. Pitia Thika kwa fundi wa dashi akusetie." Nikamwambia nitaenda. Tayari nilikuwa nalipiga gari picha.

Sikwenda.

Mwezi uliopita Barasa aliwapeleka kina mama wa kwaya Chania, kuona maporomoko. Barasa ni besi wetu, mtu wa Bungoma, anafanya kazi kiwandani Thika na hutuendeshea van kwa kujitolea. Karibu na Juja askari wakamsimamisha na mashine yao: kilomita tisini, mahali palipoandikwa themanini. Barasa akaapa mshale ulikuwa kwenye themanini. Mama aliyekaa mbele akasema yeye mshale hakuuangalia, lakini miti ilikuwa inapita haraka sana. Huo ndio uliokuwa ushahidi.

Kwetu kuna desturi: mtu akiteleza huitwa mbele ya kanisa, anapiga magoti, wazee wanamwekea mikono na kumwombea. Jumapili iliyofuata tulimwita Barasa. Tukamwombea atolewe roho ya haraka. Roho ya haraka! Mtu ambaye hata chai huinywa ikiwa imeshapoa. Mkono wangu pia ulikuwa begani mwake.

Aibu yangu yenyewe ni hii: nilikumbuka. Pale pale, macho nimefumba, maneno ya yule fundi yalinijia yote. Nikasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tangu siku hiyo Barasa hajagusa usukani. Wiki mbili hajaonekana mazoezini, na jana nikasikia ameomba barua ya kuhamia kanisa lingine. Usingizi ukanikataa.

Basi leo asubuhi nikaenda Thika. Njiani niliweka simu kwenye dashibodi inisomee spidi. Mshale themanini, simu tisini. Nikapunguza. Mshale sitini, simu sitini na saba. Niliegesha kando ya barabara nikakaa tu, magari yakinipita.

Fundi wa dashi alipima tairi kwa utepe, akachomeka kimashine chini ya usukani na kuingiza kipimo kipya. Akanieleza kwamba gari huhesabu mizunguko ya gurudumu. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja huenda mbali kuliko lile la zamani, na gari halijui. Tukatoka kulijaribu: mshale themanini, simu themanini. Kazi nzima ilichukua robo saa.

"Na umekuwa ukiendesha hivi miezi yote?" akauliza.

Nikamjibu dereva ndiye huendesha. Jamani, mimi ni mtu gani?

Jioni nilimpitia Barasa kwake, Gatongora. Nilimweleza yote, pamoja na ile Amina. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani, na si kawaida yake kumwacha mgeni nje.

"Sasa Mwenyekiti," akasema, "ile maombi mliniombea ilienda wapi?"

Akaendelea:

"Mimi nilirudi hapa nikauliza bibi yangu kama kweli niko na hiyo roho. Nilikuwa nimeanza kuamini."

Nikamwomba msamaha. Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Hiyo samahani umeniletea kwa mlango, Mwenyekiti. Ile aibu ilikuwa kanisani."

Ana haki.

Tangu nirudi nimekuwa nikitafuta njia nyepesi. Nimeshaandika tangazo fupi la kusomwa na katibu: kwamba kulikuwa na hitilafu ya gari, na ndugu yetu asiendelee kulaumiwa. Nimelisoma mara mbili, nikalichana. Gari halikusema Amina.

Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, nitapiga magoti pale pale alipopiga yeye, na nitasema nilichojua na siku niliyokijua. Wazee nitawaomba wabaki vitini. Mkono ninaoutaka begani mwangu ni wa Barasa.

Kama atakuja.