Ng'ombe Niliyemtoa Siku ya Mavuno

Alhamisi, mwezi wa saba, 1983. Karatu.

Ukungu umelala juu ya mashamba tangu asubuhi, na hata niliporudi kutoka mnadani ulikuwa haujanyanyuka. Vidole vimekufa ganzi, kalamu naishika kama mwiko. Lakini lazima niandike, kwa sababu nina hasira, na kila ninayeweza kumweleza ni mmoja wa walioniudhi.

Nimewakasirikia watu wa usharika. Nimemkasirikia kaka yangu Bura. Na tangu leo mchana nimemkasirikia hata mwinjilisti Lemayani, ambaye kwa ajili yake nimesemwa wiki tatu nzima.

Ngoja nianze mwanzo.

Miaka yote, Sikukuu ya Mavuno ikifika, nimempelekea Mungu kile ambacho nyumba yangu haikihitaji. Mahindi yaliyokwisha kuingiwa na fukusi. Mwaka juzi nilipeleka jogoo anayechechemea, nikambeba kifuani huku naimba, ili mguu wake usionekane. Hakuna aliyenisema. Mzee wa kanisa alinishika mkono akanibariki.

Mwaka huu, Jumapili moja kabla ya Mavuno, alikuja kuhubiri Lemayani, mwinjilisti wa Kimaasai kutoka kule ndani Ngorongoro, anakochunga kikundi kidogo cha waumini. Hakuomba kitu. Alisema tu, katikati ya mahubiri, kwamba ugonjwa umemmalizia ng'ombe wake wote na wanawe wameanza kusahau ladha ya maziwa. Kisha akaendelea na Neno. Mimi sikusikia tena lililofuata.

Sisi tuna ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Tunamwita Tumaini.

Nilizunguka na jambo hilo siku tatu. Nilitaka mara moja maishani nimpe Mungu kitu kitakachoniuma, si kile kinachonisumbua kukitunza. Siku ya nne nikamwambia mume wangu, Safari, alipokuwa akinoa jembe uani.

"Umeshamwambia Mungu?" akauliza.

"Nimeshamwambia."

"Sasa mimi unaniuliza nini?"

Hakutabasamu. Lakini Jumapili ya Mavuno yeye ndiye aliyeshika kamba mpaka mlangoni pa kanisa.

Nilidhani watu watafurahi. Mzee Tluway, mzee wetu wa kanisa, alimzunguka Tumaini mara mbili, akampapasa mgongo. "Mama Neema, ng'ombe kama huyu tukimpiga mnada leo tunapaua nyumba ya mchungaji. Na maskini wa hapahapa kwetu, wewe huwaoni?" Nikasema si wa kupigwa mnada, ni wa mwinjilisti. Hapo mtu nyuma yangu akasema, tena kwa sauti, kwamba kumpelekea Mmaasai ng'ombe ni kulimwagia maji Ziwa Manyara. Kanisa likacheka, lakini jioni ile Lemayani alikabidhiwa Tumaini. Tangu siku ile nimeusikia utani huo bombani, nimeusikia mashineni nikisaga, na juzi nimeusikia kwa mtoto wa darasa la pili.

Bura hakucheka. Alikuja Jumatatu, akakataa kiti.

"Paulina, baba alizikwa na nini begani?"

"Kovu la mkuki."

"Alilipatia wapi?"

Sote tunajua. Alilipata siku ng'ombe wetu walipochukuliwa na vijana wa Kimaasai wa kule juu, akawafuata peke yake. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Bura alikuwepo, na ndiye aliyemfunga jeraha kwa shuka ya mama.

"Sitakanyaga hapa mpaka ng'ombe huyo arudi," akasema. Akaondoka, chai aliyokaribishwa haijaguswa.

Chai ya rangi. Ndiyo chai ya nyumba hii sasa. Sukari yenyewe ni ya kusubiri mgawo, na maziwa niliyatoa kwa mkono wangu mwenyewe. Neema, mwanangu, anazungusha kijiko katika uji wa maji, halafu ananitazama. Haniulizi. Afadhali angeuliza.

Nikiri hapa ambapo hakuna wa kunicheka: sikupata amani. Nilidhani ukitoa kwa moyo wote, moyo unajaa. Wangu umekuwa kama debe tupu, kila anayepita analigonga.

Sasa ya leo.

Nilimwona Lemayani mnadani, amevaa koti kuukuu juu ya shuka ya lubega. Nilifurahi. Nilimkimbilia nikamuuliza Tumaini anaendeleaje. Akainamisha macho.

"Hayuko kwangu, mama."

Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kupima neno moja moja. Boma la jirani kuna mama aliyejifungua mapacha na maziwa yakamkauka. Ng'ombe wao nao walikufa wote. Siku ile ile alipofika na Tumaini, hakumwingiza hata zizini kwake. Alipitiliza naye hadi kwa jirani.

"Wanasali?" nikauliza.

Nimeandika neno hilo na nalionea aibu. Sikuuliza kama watoto ni wazima. Niliuliza kama wanasali.

"Hapana, mama. Mzee wa boma lile hanipendi kabisa."

"Na wanao wewe?"

"Wangu wana meno, wanatafuna. Wale hawana."

Nikapandisha sauti. Nilimwambia nimetukanwa kwa ajili yake, kaka yangu amenisusa kwa ajili yake, mwanangu anakunywa uji wa maji kwa ajili yake, naye amegawa kana kwamba ameokota njiani. Watu waligeuka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Pole, mama," akasema. "Mimi pia, tangu siku ile, mke wangu haongei na mimi."

Tulisimama pale katikati ya ng'ombe na kelele za madalali, yeye na mimi, kila mmoja ana nyumba iliyonuna. Mwisho nikauliza lile nililopaswa kuliuliza kwanza.

"Watoto ni wazima?"

"Wanalia kwa nguvu sana," akasema, na hapo ndipo alipocheka.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Kama nilimtoa kwa Mungu, kwa nini nilitaka kumchagulia atakakokwenda? Alichofanya Lemayani ndicho nilichofanya mimi, ila yeye hakuhitaji siku tatu. Najua hivyo, na bado nina hasira. Sitajifanya malaika kwenye daftari langu mwenyewe. Natamani mtu mmoja tu aseme, "Paulina, umefanya vema."

Habari za mnadani hazilali njiani. Kesho jioni Bura atakuwa ameshaambiwa kwamba ng'ombe wa dada yake ametolewa tena na mwinjilisti mwenyewe, na ataambiwa na mtu anayecheka.

Kwa hiyo nitakwenda mimi kwanza, asubuhi na mapema. Sitamtajia mstari wa Biblia. Sitasema Mungu aliniagiza. Nitamwambia Tumaini yuko kwa Mmaasai asiyesali, na hatarudi, na kuna mapacha wanaolia kwa nguvu. Akitaka kunifukuza, anifukuze nikiwa nimeshamaliza kusema.