Maharagwe Yamefika, Wewe Bado

Butembo, 14 Juni 2001

Kaka Éphraïm,

Huku mvua imepungua, na maharagwe yako yamefika sokoni.

Tangu tuwazike mama na dada yetu Tamar, mji mzima umekuwa hakimu. Shemeji Bilali aliomba mkewe Tamar azikwe siku ileile, kama Waislamu wanavyofanya. Sisi tulitaka kungoja kwaya na wajomba. Basi huo ndio ushahidi! Mama Bénite anauza makayabu, wale samaki wa chumvi, huku akihukumu: "Juu ya nini alikimbiza maziko? Alificha vidonda, donc, basi ni yeye!"

Nikamuuliza, "Mama, ulimuona akiua?"

"Mwalimu, batu bote banajua."

Bilali yuko kifungoni. Jumatatu askari watampeleka Beni, na wawili waliomtangulia hawakurudi.

Wewe unajua alikuwa wapi. Siku mama na Tamar walipouawa, lori lake lilikwama huko Mangina, naye alikula na kulala kwako. Unaniandikia kwamba unaogopa askari wa njiani. Maharagwe yako yamepita mbele ya askari haohao! Panda juu ya magunia, uje useme kabla ya Jumatatu.

Mdogo wako, mwenye hasira,
Zorobabel