Jiwe la Kijivu la Shimo la Nne

Baba,

Tangu tukuzike nyumbani imepita miezi minne, na kwa miezi hiyo yote nimeshindwa kumwamini mtu. Mama bado yuko Kambi Muru, nyumba ile ile. Kibanda chako cha viatu pale soko la Toi anakiendesha yeye, na usikasirike, lakini anajua kuongea na wateja kukushinda. Mimi niko Kabiro, kama ulivyoniacha.

Wiki ya pili baada ya mazishi alikuja mzee mmoja kwa Mama, akasema anaitwa Ouma, na kwamba mlichimba dhahabu pamoja kwenye ule mgodi wa zamani wa kule nyumbani ulioachwa na wazungu, kabla hujaja Nairobi. Hatukuwahi kukusikia ukitaja jina hilo. Alikunywa chai, akatoa pole, halafu akauliza kama uliacha mawe. Hakuuliza uliugua vipi. Aliuliza mawe. Mama akasema hajui habari ya mawe. Mzee alipotoka tu, Mama akanipigia simu niende nichukue sanduku lako la bati.

Nililibeba hadi Kabiro nikiwa nimelifunga kwa leso, na kila aliyeniangalia njiani nilimwona kama ametumwa. Nilifunga mlango nikayapanga mawe sakafuni, vile ulikuwa unayapanga Jumapili nikiwa mdogo. Lile jeupe, kwatzi, ulilosema dhahabu hupenda kulala ndani yake. Yale yenye rangi ya kutu, yanayochimbwa juu juu, ambayo mvua imekula madini mengine yote. Na yale ya manjano yanayong'aa, ambayo uliyaita waongo. "Dhahabu ukiigonga inalala bapa," ulikuwa ukisema. "Mwongo anapasuka." Nilitafuta kigae, nikakigeuza upande unaokwaruza, nikasugua yale ya kung'aa moja moja. Dhahabu ingeacha mstari wa manjano. Huu ulikuwa mweusi. Mweusi. Mweusi tena. Sikuona dhahabu yoyote kwenye sanduku lako, Baba. Sasa yule mzee alikuwa anataka nini?

Nilianza kumshuku hata Mama, kwa sababu alimjibu Ouma haraka sana. Nilienda Toi nikamuuliza mbele ya wateja anaficha nini. Aliendelea kufunga kamba za kiatu alichoshika, machozi yakimtoka. Sikujua kama najuta au bado nashuku.

Ouma aliporudi, nilimwambia aje kwangu, mchana, mlango wazi, na jirani yangu Mama Faith akifua hapo nje. Nilikuwa nimemtegea. Waongo niliwaweka mbele kwenye meza, na yale yasiyo na sura nyuma, maana nilijua mwizi atachukua kinachong'aa. Hata hakuwatazama. Alichukua lile la kijivu, zito, ulilopaka namba nne kwa rangi nyeupe, akaomba nyundo. Aligonga mara moja, kipande kikaruka. Nyumba ikanuka kitunguu saumu.

"Baba yako alilitoa shimo la nne," akasema. "Mahali hili jiwe liko, dhahabu iko karibu. Na mahali liko, maji hayanyweki."

Alinieleza kuwa ndani yake kuna aseniki, ambayo ni sumu. Mlilisaga mkitafuta dhahabu, mchanga uliobaki mkaumwaga kando ya kijito, na mvua zimekuwa zikiuosha miaka yote. Sasa kuna watu wanataka kulifungua shimo hilo tena, na yeye anataka kuwaonyesha jiwe ili waache. Nikamwambia mtu anayetafuta dhahabu angesema hivyo hivyo. Alinifungulia tu viganja vyake.

Vilikuwa na vipele vigumu, alivyosema ni kazi ya ile sumu, kama punje za mahindi zilizopandwa chini ya ngozi. Ni viganja vyako, Baba. Sisi tulidhani ni gundi na sindano za viatu.

Bado sikumwamini. Nilipeleka kile kipande kwa mwalimu mmoja wa elimu ya miamba, chuoni, na sikumwambia kimetoka wapi. Alikigonga, akanusa, akanionyesha bomba ninawe mikono kabla hajasema neno lingine. Ouma hakuwa amedanganya.

Basi shaka yangu ikabaki haina mtu wa kumshika isipokuwa wewe.

Maana hilo jiwe hukuwahi kuniruhusu niliguse. Ulijua. Na kila Krismasi ulimtumia Shangazi Risper kule nyumbani viatu laini, kwa sababu nyayo zake zina vipele kama hivyo na zinamuuma. Viatu ulituma, Baba. Hukuwahi kumwambia aache kuteka maji ya kile kijito.

Ouma anasema ni wewe uliyewaonyesha watu ule mshipa wa dhahabu wa shimo la nne, na baadaye aibu ikakufunga mdomo. Hata hilo silimezi lote, kwa sababu wewe huwezi kujitetea.

Wiki iliyopita tulienda nyumbani, mimi na yeye. Nilimwambia Shangazi kwanza, tukiwa wawili jikoni kwake. Aliangalia miguu yake. Halafu akauliza, "Baba yako alijua?"

Nilitaka kusema hapana. Nilisema ndiyo.

Hakukulaani. Alitoka, akamwaga mtungi wote wa maji uani, akaenda kuomba mengine kwenye kisima cha kanisani, ambacho ni mbali. Lakini wale wanaotaka kulifungua shimo walituambia tumetumwa na watu wanaotaka dhahabu yao. Kwa hivyo sasa mimi ndiye ninayeshukiwa, na nimejua inavyouma. Niliporudi Nairobi nilipitia Toi kwanza nikamwomba Mama msamaha.

Maji ya kijito tumeyachukua yapimwe. Majibu yakitoka nitarudi kuyasoma mbele ya watu wote, vyovyote yatakavyokuwa. Nitasema uliwaonyesha mshipa. Nitasema pia ulilitia jiwe alama ukalitunza hadi ukafa, na kwamba labda ulikuwa unatafuta siku ya kusema ukaikosa.

Pumzika, Baba. Sitakutetea kwa uongo, na sitakubali mtu akufanye mbaya kuliko ulivyokuwa.

Mwanao,
Atieno